Malizia Neno

Krii. Krii. Kimya kidogo. Krii tena.

Sauti ilitoka ndani ya ukungu, na ukungu wa Lushoto mwezi wa Julai hauna adabu, unaingia mpaka mifukoni. Nilikuwa nimesimama kwenye mdomo wa uchochoro unaotoka stendi kwenda sokoni, nimefunga kufuli bovu kwenye pindo la kanga, na nilikuwa na hakika ya jambo moja tu: humo ndani kuna mtu ananoa panga.

Mjini nilikuwa mgeni. Nilikuwa nimetoka Malindi, si ile ya pwani bali ya huku huku milimani, kwenye mashamba ya kabichi, kuja kuanza shule ya bweni, na shangazi niliyefikia kwake alikuwa amekwisha kunionya. “Njia ile haipiti mtu mwenye akili zake,” alisema. “Unajua panaitwaje? Makaba. Unadhani waliopaita hivyo walikuwa wanatania?” Kukaba: mkono shingoni, mkoba umekwenda. Kisha yeye huyo huyo akanituma huko, kwa sababu kufuli la tranka langu lilikuwa limekataa ufunguo, na fundi pekee wa makufuli mjini alikaa humo.

Krii.

“Wewe uliyesimama hapo,” sauti ya mwanamke ikasema, “ingia au rudi. Unanikatia mwanga.”

Nikaingia. Panga halikuwapo. Alikuwapo mama mmoja mfupi, masweta mawili mwilini, kofia ya kiume ya sufu kichwani, ameubana ufunguo mdogo kwenye jiliwa na anaupitishia tupa kwa upole kama anayemkata mtoto kucha.

“Shikamoo.”

“Marahaba. Unatetemeka kwa baridi au unatetemeka kwa ajili yangu?”

“Nimeambiwa huku Makaba…”

“Wapi?”

“Makaba.”

Akaiweka tupa chini. “Malizia neno.”

Sikumwelewa. Akanitazama kwa huruma iliyochanganyika na kejeli, macho ambayo baadaye nilikuja kuyazoea. “Neno hilo limekatwa mkia. Hapa ni Makabati. Walikaa hapa maseremala wa makabati, makabati ya vyombo, makabati ya nguo, kila bibi harusi wa milima hii alibebewa kabati lililotoka hapa. Maseremala wamekwenda, jina limebaki. Lakini makondakta wa magari ya Mombo wana haraka. Makaba, Makaba, shuka Makaba! Basi mgeni anateremka amekwisha kukumbatia mkoba kwa mikono miwili. Haya, sema.”

“Makabati.”

“Sasa nionyeshe hilo kufuli.”

Tulimwita Fundi, wote, wakubwa kwa wadogo, na jina lake la nyumbani sikuwahi kuona sababu ya kuliuliza. Kwa miaka yote ya shule nilipita kwake kila tulipofunga na kila tulipofungua, na baada ya shule niliendelea kupita, kwanza kwa visingizio vya funguo, halafu bila kisingizio. Nimejaribu mara nyingi kumwandika ndani ya hadithi zangu. Kila mara ananitoka, anakwenda kukaa nje ya ukurasa na chai yake ya tangawizi. Safari hii namwacha akae anapotaka.

Kazi yake ilikuwa kuuza usalama, naye alikuwa wa kwanza kuucheka. “Woga wenu ndio ugali wangu,” aliwaambia wateja, “lakini msinijazie sahani.” Mama akija kutaka kufuli la pili juu ya la kwanza, Fundi alimuuliza ni nini hasa kimetokea. Wameiba. Nani ameiba? Wezi. Wameiba wapi? Huku mjini. Wameiba nini, kwa nani, lini? Malizia neno, mama. Mara nyingi neno lilimalizikia kwenye kuku wa jirani wa binamu, aliyepotea kisha akarudi na vifaranga. Mara nyingine liliishia mahali pa kweli, penye dirisha lililovunjwa na mtoto aliyelala kwa hofu, na hapo Fundi hakucheka. Alivaa viatu, akaenda mwenyewe, akarudi jioni vidole vyake vikiwa vyeusi kwa oili. Hakuwahi kusema kwamba wezi hawapo. “Wangekuwa hawapo,” alisema, “mimi ningekula nini?”

Mlangoni kwake hapakuwa na kufuli. Ulikuwa mlango wa mbao za mkangazi, mzito, mabaki ya kazi za maseremala wale, na mchana kutwa ulizuiwa na jiwe ili ubaki wazi. Komeo halikuwapo, wala tundu la ufunguo. Watu walimtania. Fundi wa makufuli amelala mlango wazi! Yeye alijibu kwamba kinyozi naye hajinyoi mwenyewe. Baridi ilipozidi alilisogeza jiwe kwa mguu na kuusukuma mlango, akisema kwa sauti ili wa nje wasikie: “Nafunga kwa ajili ya baridi. Watu ni habari nyingine.”

Msidhani alikuwa jasiri kwa kila kitu. Chura akiruka uchochoroni wakati wa mvua, Fundi alipanda juu ya meza ya kazi na kumwita Mungu kwa Kishambaa. Na msitu wa Magamba, ambao wazungu wanatoka mbali kuja kuutembelea kwa furaha, aliuogopa kuliko pepo. Niliwahi kumuuliza kwa nini, yeye asiyeogopa uchochoro ambao mji mzima unaukimbia. Akashangaa swali. “Kule utamsalimia nani?”

Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa. Salamu kwake ilikuwa kazi, na aliifanya kwa ukali. Kwenye ukuta uliokuwa mkabala na kibanda chake walikaa vijana wa ukutani, waosha pikipiki na wabeba mizigo wa stendi, wengine wanywaji, wengine wavutaji, na ni kweli kwamba mtu asiyewajua aliwapita kwa mwendo wa kukimbia bila kukimbia. Fundi aliwataka shikamoo zao asubuhi kwa ukamilifu. Kijana akimpita kimya, alimwita arudi kutoka kona. Naye hakuitikia kwa marahaba tupu. Aliuliza goti la mama linaendeleaje, dada amejifungua nini, ng'ombe amepona? Mkubwa wao aliitwa Chepe, mwanaume wa mabega mapana na macho mekundu, ambaye shangazi yangu alimtaja kama watu wanavyomtaja chui.

“Chepe, onga mahundo,” Fundi alimwamkia kwa Kishambaa.

“Shikamoo, Fundi.”

“Marahaba. Unanuka pombe na jua halijatoka.”

“Ni dawa ya mafua, Fundi.”

“Mafua yaliyokushika tangu Krismasi?”

Ukuta mzima ukacheka, Chepe akiwemo. Ilikuwa vigumu, baada ya kumsikia akiulizwa habari za goti la mama yake, kuendelea kumwona chui.

Siku moja alikuja mume mmoja wa mjini, koti safi, akataka kufuli gumu la kuweka nje ya mlango wa nyumba yake. La nje, si la ndani. Fundi akamuuliza ndani anabaki nani. Bwana akajikuna, akasema mke wangu, mji umeharibika, ni kwa usalama wake. Fundi akampa kufuli kubwa, jeusi, linalotisha kama ng'ombe dume. Alipoondoka, Fundi akaniambia hakuna kitu kizuri kama kufuli linalofunguka kwa msumari, na kwamba kesho angekwenda kwa yule mke kumpelekea msumari na salamu. Alikwenda; dirisha la kando ya mlango lilipitisha mkono hadi kwenye kufuli. Mke yule baadaye alionekana sokoni akichagua peasi bila haraka hata kidogo.

Lakini habari ambayo watu wa Makabati wanaisimulia ni ya geti.

Ilianza na mwalimu mmoja wa kike wa shule ya msingi, mtu mwema, aliyenyang'anywa simu. Mji ukawaka. Mwenyekiti wa mtaa aliitisha mkutano pale pale uchochoroni, mchana, na wenye maduka ya barabara kuu wakaja na wazo lililokwisha kuiva: geti la chuma kila upande, lifungwe jua likizama, lifunguliwe jua likiwa juu, ufunguo ukae kwa mwenyekiti. Nilikuwa likizo. Nilisimama nyuma ya mwalimu na nikaliona wazo lile likipokewa kwa makofi.

Aliyekaa katikati ya uchochoro ni Mama Chai. Alikuwa na birika lake, maandazi, na wajukuu aliowasomesha kwa birika hilo. Wateja wake walikuwa abiria wa magari ya alfajiri, wanaokatiza kutoka mitaa ya juu kwenda stendi wakati bado kuna giza la ukungu, na wale wanaoshuka jioni. Ukifunga Makabati alfajiri na jioni, umemfunga Mama Chai. Alisimama akasema hivyo, sauti ikakatika, akaketi.

Fundi akanyoosha mkono. “Mwalimu, pole. Simu ilichukuliwa wapi?”

“Makaba, Fundi.”

“Malizia neno.”

“Makabati.” Watu wakacheka kidogo.

“Hapa mahali gani? Kwa Mama Chai? Ukutani?”

Mwalimu alikuwa mkweli, na ukweli ulimpa taabu. “Ilikuwa… nilikuwa napanda gari. Mlangoni. Kwenye msukumano.”

“Mlango wa gari uko stendi.”

“Ndiyo, lakini ni kule kule.”

“Kule kule ni wapi, mwalimu?”

Safari hii kicheko kilikuwa kikubwa, lakini kicheko hakikatai geti. Mwenyekiti, ambaye kwa haki nimtaje kama mtu mpole aliyechoka kulalamikiwa, alisema simu imechukuliwa, hilo halina ubishi, na wakazi wanaogopa, hilo nalo halina ubishi. Geti lingewekwa kwa ajili ya wakazi. Kisha akamgeukia Fundi. Je, atatengeneza kufuli lake? Ilikuwa kazi ya heshima, kubwa kuliko zote alizowahi kuombwa.

Fundi akasema, “Nitatengeneza.”

Nakumbuka uso wa Mama Chai. Kesho yake Fundi aliagiza kikombe kama kawaida, naye akajibiwa kwamba chai imekwisha, birika likiwa linafuka moshi mbele ya watu wote. Kesho kutwa ikawa imekwisha pia. Fundi alichemsha maji yake mwenyewe juu ya jiko la mkaa, akayanywa bila tangawizi, na tupa ikaendelea: krii, krii, kutwa nzima, juma zima, kuliko makufuli mawili yanavyohitaji. Mimi mwenyewe nilikasirika. Nilipita mlangoni kwake nikatoa shikamoo ya haraka bila kusimama. Akaniita nirudi kutoka kona, akaniuliza bibi yangu wa Malindi anaendeleaje, akaniacha niende.

Siku ya kukabidhi, mageti yalikuwa yamekwisha kuchomelewa, yananuka rangi. Mwenyekiti alisimama, wenye maduka pembeni yake. Fundi alikuja na makufuli mawili mapya, yanayofunguka kwa ufunguo wa aina moja, na kopo kubwa la maziwa ya unga.

“Mwenyekiti,” alisema, “kabla sijakupa. Geti hili ni la nani?”

“La wakazi, Fundi. Tulikwisha kukubaliana.”

“Malizia neno. Wakazi gani?”

“Wakazi wa Makaba… wa Makabati.”

“Wote?”

“Wote, ndiyo.”

“Mmesikia,” Fundi akauambia uchochoro, akafungua kopo.

Lilikuwa limejaa funguo. Kila mmoja ulikuwa umefungwa uzi wa sufu, mwekundu, wa kijani, wa njano, uzi wa masweta ya mji wa baridi. Akaanza kuita watu, mmoja mmoja, kwa majina yao na ya mama zao. Mshona viatu. Muuza mitumba. Mzee wa redio. Wauza nyanya. Alipofika kwa Mama Chai alimvisha mwenyewe shingoni, uzi mwekundu, na Mama Chai akashikwa na kwikwi katikati ya kicheko. Halafu akavuka kwenda ukutani.

“Chepe wa Mama Hiyari.”

Chepe hakusogea. Mwenye duka mmoja akapaza sauti, “Fundi! Hata huyo?”

“Analala hapo juu ya karakana ya zamani ya maseremala kila siku ya Mungu. Kama yeye si mkazi, nani mkazi?”

Chepe alipokea ufunguo wake kwa mikono miwili na kuinama kidogo, kama mtu anavyopokea kitu kutoka kwa mkubwa. Sijawahi kumwona mtu mzima akiwa na haya namna ile.

Mwenyekiti alikuwa ameshika kichwa. “Lakini Fundi, kufuli lenye funguo za watu wote ni kufuli gani?”

“Hilo huitwa mlango, mwenyekiti.”

Nadhani hata yeye alicheka. Nataka kukumbuka kwamba alicheka.

Jioni ile ndiyo nilipaswa kuieleza kwanza, kwa kuwa ndiyo yote. Jua lilipoanza kushuka nyuma ya mlima, watu wa Makabati hawakuondoka. Kila mtu alitaka kuona nani atafunga. Kila mtu alikuwa na ufunguo shingoni na kila mtu alimtazama mwenzake. Chepe akaenda getini, akalisukuma likafungika, akazungusha ufunguo. Lilifunga vizuri sana. Halafu akasema, “Mama Chai bado yumo,” akafungua. Mshona viatu akaenda kufunga, akakumbuka gari la mwisho la Mombo halijafika, na abiria watapita wapi? Akaacha. Mzee wa redio akasema atafunga yeye akimaliza kusikiliza taarifa ya habari, akaileta redio nje ili asikilize akiwa karibu na geti. Mama Chai akapuliza moto upya, kwa kuwa watu wako hapo na wamekaa bure.

Basi saa ile ambayo uchochoro ule ulikuwa mtupu miaka yote, saa ambayo mtu alipita akihesabu pumzi zake, palikuwa pamejaa kama sokoni. Taa za vibanda zilikuwa zinawaka. Palikuwa na redio, na maandazi, na ubishi mkali juu ya nani afunge. Gari la mwisho likafika na abiria wakamiminika ndani, wakashangaa, wakaagiza chai. Na katikati yao akaja yule mwalimu, simu mpya sikioni, akizungumza na mtu kwa sauti iliyosikika hadi barabara kuu: “Niko Makabati! Makabati, wewe! Hapana, sikimbii. Nakunywa chai.”

Tulimshangilia. Nilipaza sauti mpaka koo likauma.

Mama Chai alimimina kikombe kilichojaa tangawizi, akakivusha uchochoro mwenyewe, akakiweka juu ya meza ya Fundi karibu na jiliwa. “Hongea,” alimshukuru kwa Kishambaa, basi. Fundi akaonja, akakunja uso, akasema sukari kidogo.

Geti halikufungwa siku ile. Halikufungwa siku iliyofuata, kwa sababu zile zile na nyingine mpya. Sitasema kwamba Chepe aliacha kunywa, maana hakuacha, wala kwamba hakuna mkoba uliopotea tena mjini Lushoto. Lakini aliyepotelewa alisema umepotelea wapi, na waliokuwapo walisema waliona nini, kwa kuwa waliokuwapo walikuwapo.

Mwaka huu nimerudi, baada ya muda mrefu wa Dar es Salaam. Gari lilipomaliza kona za mwisho, konda alisimama mlangoni akapiga kelele, “Makabati! Wa Makabati!” Mkia wote. Nilicheka peke yangu kama kichaa. Mageti yako wazi, yameota kutu, na muuza mitumba ameyageuza kuwa mahali pa kutundikia makoti. Chepe ana pikipiki yake mwenyewe na mvi mbili tatu. Aliniamkia yeye kwanza kwa kujisahau, kisha tukacheka na kuanza upya, mimi nikatoa shikamoo yangu ipasavyo.

Krii. Krii. Ukungu ulikuwa umeshuka, nikaifuata sauti.

Macho yake yamefifia. Anaupima ufunguo kwa ncha ya kidole, anapuliza, anapima tena. Masweta sasa ni matatu. Aliniuliza ninakaa wapi huko mjini, nikamwelezea: ghorofa, nondo madirishani, mlango wa chuma mbele ya mlango wa mbao, makufuli matatu.

“Na majirani?”

“Wapo.”

“Wanaitwaje?”

“Mkabala na mimi yuko mama wa… Kuna mama wa…”

“Malizia neno.”

Nilitazama mikono yangu. Hakunicheka. Alipapasa chini ya meza, akalitoa kopo lile la maziwa, likagonga, ufunguo mmoja tu ndani yake. Uzi wake ulikuwa wa bluu.

“Siku ya mkutano ulijificha nyuma ya mwalimu,” alisema. “Siku ya funguo sikukuita, nikasema atakuja tu. Mkazi ni mkazi.”

Nikauvaa. Tulikunywa chai, sukari kidogo. Nje Mama Chai alikuwa anagombana na mtu juu ya maandazi, sauti yake nzima kabisa. Ukungu ulianza kuingia ndani, Fundi akajifunga kanga juu ya masweta, nami nikaona ameanza kuchoka, nikasimama. Nilikuwa nimepanga maneno. Mwandishi hupanga maneno. Nilifika kizingitini, nikageuka.

“Asante, Fu…”

“Malizia neno,” akasema.

“Fundi.”

“Haya. Nenda ukawajue majirani zako.” Nilisikia jiwe likisogezwa kwa mguu. “Nafunga kwa ajili ya baridi,” akaongeza kwa sauti ya kusikika uchochoro mzima, na mlango ule mzito wa mkangazi, usio na komeo wala tundu, ukafungika polepole nyuma yangu.